Sosi ya machungwa bila kuongeza sukari, hatua kwa hatua

Watu wengi wakipika sosi ya machungwa wanatia sukari vijiko vitatu vinne alafu wanalaumu machungwa, eti ya Uganda ni makali, eti hayafanani na yale ya supamaketi yaliyotoka nje. Mi nasema machungwa hayana kosa. Ile sukari mara nyingi inaenda kufunika uchungu ambao mpishi kauingiza mwenyewe: kakamua kwa nguvu mpaka mbegu zikapasuka, kakwangua ganda mpaka kwenye nyeupe, kaacha juisi kwenye jagi tangu asubuhi, kachemshia kwenye sufuria ya aluminiamu, alafu mwisho kaunguza chini kidogo. Ukiondoa hayo yote sosi inakuwa tamu yenyewe na sukari inabaki ya chai. Kwa hiyo kazi yetu hapa ni mbili tu, kuzuia uchungu usiingie na kukusanya ule utamu ambao tayari uko ndani.

Kabla ya kuwasha moto niweke wazi kitu kimoja, manake najua kuna watu wanatafuta hii sababu mzazi nyumbani ana kisukari. Bila kuongeza sukari haimaanishi haina sukari. Juisi ya machungwa yenyewe ina kama gramu 8 za sukari kwa kila mililita 100, so nusu lita tunayotumia hapa ina kama gramu 40, na ukiichemsha ikapungua yanayoondoka ni maji, sukari inabaki yote palepale. Mtu akila vijiko viwili vya chakula vya sosi hii amekula kama kijiko kimoja cha chai cha sukari na kaziada kadogo. Si nyingi, lakini ipo, na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 linaihesabu sukari ya juisi ya matunda kundi moja na ile ya kuongeza. Asali pia iko kwenye kundi hilohilo, kwa hiyo yule anayesema "mi situmii sukari" alafu anamimina asali nusu kikombe, huyo anapika sosi ya sukari kama wengine tu, tusidanganyane.

Sasa vitu vya kuwa navyo. Machungwa 7 au 8 ya saizi ya kati upate nusu lita ya juisi, mangada 2 (chenza hizo) kama zipo sokoni, ndimu au limau 1, kitunguu maji 1 kikubwa, karoti 1 ndogo, kitunguu saumu punje 2, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, mafuta kijiko kimoja cha chakula, chumvi, pilipili manga. Siagi kijiko kimoja cha chai ya kumalizia ukiwa nayo. Ukipenda pilipili, kamulari moja inatosha, nzima bila kupasua. Basi.

Hatua ya kwanza ni sokoni na hapa ndio sosi inapoamuliwa. Machungwa mengi tunayokula Kampala na Jinja na Mbale yanatoka Teso, huko Soroti, Kumi, Ngora, Serere, na ndio maana hata kile kiwanda cha matunda kilichofunguliwa 2019 kiliwekwa Soroti. Chungwa la Teso likiiva linaweza kubaki kijani kabisa au kijani na manjano hivi. Ile rangi ya chungwa inayong'aa inatokea sehemu zenye usiku wa baridi, baridi ndio inaondoa kijani kwenye ganda, na kwetu usiku ni wa joto. So mtu anayechagua kwa rangi anajichelewesha bure. Chagua kwa mkono: lishike, liwe zito kuliko unavyotegemea kwa saizi yake, ganda liwe laini lenye vinundu vidogo vidogo, si lile lenye ganda nene la kukunjamana ambalo ukilibonyeza unasikia hewa ndani. Kwaruza ganda kidogo na ukucha unuse. Lililoiva linatoa harufu nzuri papo hapo, lile bichi linanuka majani.

Alafu onja. Wauzaji wetu wengi hawana neno, unamwambia tu "mama, nikatie moja nionje" anachukua kisu anakata, na kama anakataa kabisa hamia kwa jirani yake. Ukionja likiwa kali usikubali ile ya "sebo, weka nyumbani siku tatu litaiva." Chungwa haliivi baada ya kuchumwa. Embe linaiva, ndizi inaiva, ovakado inaiva, lakini chungwa likishatoka mtini utamu wake umefika mwisho, litakachofanya nyumbani ni kunyauka. Hii moja tu ukiijua itakuokoa sukari nyingi sana.

Mangada nazitaja sababu ukali wake ni mdogo, zinasaidia kushusha ukali wa machungwa bila kuongeza kitu kingine. Kama msimu wake haupo ongeza chungwa moja. Balungi mi siweki, kwanza lina uchungu wake wa asili, pili balungi linagombana na dawa kadhaa, zikiwemo baadhi za presha na za kolesteroli, linafanya dawa izidi mwilini. Kama unapikia wazee wanaomeza dawa kila siku, liache kabisa.

Hatua ya pili, osha. Osha machungwa yote hata yale ambayo hutakwangua ganda, manake kisu kinapita kwenye ganda kinaingia ndani na uchafu wake. Maji ya uvuguvugu, sugua na brashi au kitambaa kigumu, suuza, futa yakauke. Yakiwa na maji maji greta itateleza na vidole vyako vitaumia.

Kabla ya kukata, kwangua ganda la machungwa mawili kwa greta, upande ule wa matundu madogo kabisa. Pitisha kidogo, geuza chungwa, pitisha tena, ukiona nyeupe inaanza kutokea geuza. Ile rangi ya juu ndio ina mafuta yenye harufu, nyeupe chini yake ni uchungu mtupu. Sababu machungwa yetu ni kijani utapata vipande vya kijani kijani, usishangae, sosi haitakuwa ya rangi ya matangazo ya TV lakini harufu itakuwepo. Weka hayo makwanguo kwenye kisahani, funika, hayaingii motoni sasa hivi.

Hatua ya tatu ni kukamua na hii usiianze mpaka kila kitu kingine kiko tayari. Kitunguu kiwe kimeshaanza kuiva. Sababu yake ni kwamba ndani ya machungwa kuna kitu kinaitwa limonini, au tuseme kuna mama yake ambaye hana uchungu, lakini ukishakamua akakutana na ule ukali wa juisi anageuka polepole anakuwa limonini yenyewe na hiyo ni chungu kweli kweli. Ndio maana juisi ya asubuhi inaweza kuwa tamu na jioni ileile jagi moja ina uchungu ambao hujui umetoka wapi. Machungwa yale yenye kitovu yana tabia hii zaidi. Na mbegu na nyeupe ndio zimejaa vitu hivyo, kwa hiyo kamua kwa mkono, taratibu, ukiona nyama imeisha acha, usiling'ang'anie chungwa mpaka ganda linatoa jasho. Chuja papo hapo kwa chujio la chai. Na tafadhali usitupe chungwa zima na mbegu zake kwenye blenda eti kuokoa muda, hapo umesaga uchungu na hakuna chujio litakalokusaidia.

Kidogo kuhusu sufuria. Zile nyepesi za aluminiamu ambazo karibu kila nyumba inazo, zikiwemo zile wanazotengeneza mafundi wa Katwe, ni nzuri kwa ugali na maharage lakini kwa kitu chenye asidi kama hiki si nzuri, asidi inalamba chuma na sosi inapata ladha ya sarafu mdomoni. Tumia stenlesi, au ya enameli ambayo haijabanduka, au kikaango kisichoshika. Iwe pana. Upana ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, sababu maji yanatoka kwa juu kama mvuke, sufuria pana inakupa sosi ndani ya dakika 15 au 20, sufuria nyembamba ndefu inakuweka jikoni karibu saa nzima na juisi inapikika mpaka inapoteza ladha ya matunda inabaki ladha ya kuchemka tu.

Hatua ya nne, kitunguu. Huu ndio utamu wetu wa pili baada ya machungwa yenyewe. Katakata kitunguu vidogo, weka mafuta kwenye sufuria, kitunguu, chumvi kabana kadogo, funika, moto mdogo. Kama unapikia sigiri toa makaa mawili matatu pembeni au yafunike na majivu, manake sigiri iliyowaka vizuri itaunguza kitunguu nje na ndani kikabaki kibichi. Tunataka kilainike, kitoe maji yake, alafu maji yaishe, kianze kuwa na rangi ya dhahabu. Inachukua kama dakika 15. Geuza kila baada ya muda. Wengi wanaharakisha hapa, dakika tatu wameshatia kitu kingine, alafu sosi ikitoka kali wanakimbilia bakuli la sukari. Ukionja kitunguu kilichopikwa taratibu utaona ni kitamu hata bila kitu. Kikishafika hapo tia karoti uliyokwangua, iache ilainike dakika tano, alafu kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, nusu dakika tu, ukisikia harufu imepanda inatosha. Saumu ikiungua nayo ni uchungu mwingine.

Sasa ndio unakamua, unachuja, unamimina juisi yote ya machungwa na mangada kwa pamoja. Ndimu bado. Kama una kamulari itupie humo nzima ielee. Ongeza moto ichemke vizuri bila kufunika. Povu litakuja juu, litoe na kijiko, lina ukakasi kidogo. Iache ichemke kwa nguvu mpaka ibaki karibu nusu ya ulivyoanza, ukitaka kujua bila kubahatisha chovya mpini wa mwiko mwanzoni uweke alama pale juisi ilipofika, alafu angalia ikishuka. Ikikaribia nusu punguza moto na sasa usiondoke, koroga mpaka chini, sababu sukari ya matunda imeshakuwa nyingi ndani ya maji machache na itashika chini haraka sana. Ukiona pembeni pa sufuria panaanza kuwa na utepe wa kahawia, papanguse na mwiko au kitambaa chenye maji kabla haujawa mweusi. Simu iache sebuleni dakika tano hizo, WhatsApp haiendi popote.

Kujua imefika: chovya kijiko, kigeuze, pitisha kidole katikati ya mgongo wake. Mstari ukibaki wazi bila sosi kurudi kuufunika imeiva. Ukitaka laini kabisa ipoze kidogo uisage kwenye blenda (toa kamulari kwanza jamani), karoti na kitunguu vitaifanya iwe nzito bila unga wowote. Mi mara nyingi naisaga. Ukitaka ya vipande vipande iache ilivyo. Na kama bado ni maji maji na huna muda, koroga kijiko kimoja cha chai cha kornflawa kwenye maji baridi kidogo umimine mwishoni, ichemke dakika moja basi. Usiitie mapema, ukichemsha unga muda mrefu kwenye asidi unaachia na sosi inarudi kuwa maji.

Hatua ya mwisho ni kuonja na hapa nenda taratibu kuliko popote. Toa sufuria motoni. Tia yale makwanguo ya ganda, koroga, funika dakika mbili. Ukiyatia wakati inachemka harufu yote itaishia kwenye paa la jiko. Alafu chumvi, kidogo kidogo. Chumvi kwenye sosi hii inafanya kazi mbili, inaleta ladha na inauzima ule uchungu kidogo uliobaki, na uchungu ukizimwa utamu unajitokeza. Jaribu kwenye kijiko uone: onja sosi bila chumvi, alafu weka chembe chache kwenye kijiko kilekile onja tena, utadhani mtu katia sukari. Ndipo uongeze ndimu, matone machache, uonje, uongeze. Ndimu inaipa uhai sababu juisi iliyopikwa inapooza. Siagi mwisho kabisa, ikoroge mpaka iyeyuke, sosi inang'aa. Maziwa au krimu usiweke, vitakatika vyote.

Ikitoka kali, ukali na si uchungu, dawa yake ipo. Rudisha motoni na karoti nyingine kidogo iliyochemshwa na kupondwa, au fanya wanavyofanya watu wengi wa kaskazini na mashariki kwa mboga, tia kijiko kimoja cha karanga za kusagwa au odii yenyewe ya karanga na simsim. Ile inazungushia ukali mafuta na inakuwa sosi nyingine kabisa, nzito, ya kahawia, ya kulia kuku na hata atapa, ule ugali wa Teso. Hii kusema kweli naipenda kuliko ile ya kawaida. Nunua ile ya kusagiwa sokoni mbele ya macho yako, za kopo angalia lebo kwanza, nyingine zina sukari humo na utakuwa umefanya kazi yote bure. Ikitoka chungu, hapo sina uganga mkubwa. Ongeza chumvi chembe, ongeza juisi mpya kidogo, ikikataa itumie kulowekea nyama kabla ya kuchoma, kwenye nyama huo uchungu hauonekani sana.

Inaliwa na nini? Ngege (tilapia) wa kukaanga ndio mwenza wake wa kwanza, lakini sosi iwe pembeni kwenye kibakuli, ukimwagia samaki mapema ule ukavu wa ngozi unakufa kabla sahani haijafika mezani. Mputa (sangara) wa kuchoma pia. Kuku wa kuchoma anapakwa mara ya kwanza dakika tano za mwisho tu, si mwanzo, sukari ya matunda inaungua kwenye makaa kuku bado mbichi ndani. Kwa wanaokula nguruwe, mafuta yake na ukali huu vinaelewana sana. Na gonja, ile ndizi ndefu tamu, ya kuchoma, chovya ule, gonja ina utamu wake na sosi ina ukali wake, hapo watoto hawatakumbuka kuuliza tomato sosi ya chupa. Mwenye vidonda vya tumbo aonje kidogo kwanza aone tumbo linasemaje.

Kuweka. Tumia chupa ya glasi yenye kifuniko, ichemshe kwenye maji kwanza. Vitabu vya nje vinasema dakika 10 lakini hizo ni za kule karibu na usawa wa bahari, Kampala tuko kama mita 1,200 juu na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96, so ongeza dakika nne hivi, na ukiwa Kabale ongeza zaidi. Jaza sosi ikiwa moto chupa nayo ikiwa moto, funika, ikipoa peleka kwenye friji. Ndani ya friji siku tano mpaka wiki moja, kijiko safi kila mara, usirudishe kile kilichokuwa mdomoni. Bila sukari na bila dawa za kiwandani haikai kabatini, hata uifunge vipi, na ndani yake kuna saumu na kitunguu na karoti ambavyo si vya kuchezea. Umeme kwenu ukiwa wa kuja na kuondoka, pika nusu ya kipimo hiki muimalize siku mbili.

Mwenye friza aimwage kwenye trei ya barafu, ikiganda atoe vipande aweke kwenye mfuko wa plastiki ulioandikwa tarehe, miezi mitatu haina shida. Siku ya kutumia chukua vipande viwili vitatu, viyeyushe kwenye sufuria kwa moto mdogo sana, alafu kwangua ganda jipya kidogo juu yake na tone la ndimu, manake harufu ya zamani itakuwa imeshapungua.